Hati, Umbizo na Serikali: Kiswahili na Lugha za Mwambao wa Nyasa katika Zama za Kompyuta



1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika, na miongoni mwa mambo yaliyoamuliwa humo ni mpaka wa upande wa Ziwa Nyasa. Waliouandika mkataba huo hawakumshauri mvuvi wa Liuli wala mkulima wa milima ya Umatengo. Hata hivyo, mwaka 2012, yaani miaka 122 baadaye, maneno yake yalirejewa tena na tena katika mzozo uliofufuka kati ya Tanzania na Malawi: je, mpaka unapita ukingoni mwa maji upande wa Tanzania, kama inavyodai Malawi, au katikati ya ziwa, kama inavyoshikilia Tanzania? Si nia ya mhadhara huu kuliingilia shauri hilo. Linalohusika hapa ni jambo dogo ambalo wanasheria wa pande zote mbili hawakuwa na haja ya kulitaja, nalo ni kwamba hati ile ilisomeka. Wino ulikuwapo, herufi zilijulikana, na lugha mbili za mkataba zilikuwa na wasomaji. Hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa ya mtengenezaji wa kalamu iliyouandika.

Sasa ichukuliwe hati ya aina nyingine kabisa. Tuseme mwaka 2005 karani wa ofisi ya umma mjini Mbinga alichapa kwa kompyuta muhtasari wa makubaliano ya mpaka wa vijiji viwili, akauhifadhi ndani ya mashine. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka kipindi cha miaka 30 kabla ya kumbukumbu za serikali kufunguliwa kwa wananchi katika hifadhi ya taifa. Kwa hesabu hiyo muhtasari huo utafunguliwa mwaka 2035. Swali la kwanza la mtafiti wa mwaka huo halitakuwa juu ya maana ya maneno yake, bali litakuwa iwapo faili lenyewe litafunguka.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uamuzi wa serikali kuhusu umbizo la hati zake ni sehemu ya sera ya lugha, na kwamba wanaisimu wa Kiswahili wameuacha uamuzi huo mikononi mwa mafundi na wauzaji kwa muda mrefu kupita kiasi. Neno umbizo, lenye mzizi -umb- ule ule ulio katika umba na umbo, linatumika hapa kwa maana ya utaratibu ambao programu hufuata inapoyapanga maandishi ndani ya faili. Wapo wanaosema fomati. Maneno yote mawili yanaeleweka, na ugomvi juu yake unaweza kusubiri.

2.0 Hati na mwandiko

Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja: hati na waraka. Waraka kwa asili yake ni karatasi yenye maandishi, kisha barua, na katika lugha ya serikali umekuwa agizo linaloshuka kutoka juu. Hati ni pana zaidi. Husemwa kwamba fulani ana hati nzuri, kwa maana ya mwandiko wake. Na husemwa pia hati ya nyumba, kwa maana ya kile kilichoandikwa. Utata huo si kasoro. Unakumbusha kwamba maandishi na namna yalivyoandikwa ni vigumu kutenganishwa.

Historia ya Kiswahili imekwisha kupitia badiliko moja kubwa la namna hiyo. Kwa karne kadhaa lugha hii iliandikwa kwa hati za Kiarabu. Utawala wa Kijerumani ulipoingia ulikuta barua za maliwali, majumbe na wafanyabiashara zimeandikwa hivyo, na mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha huko Ujerumani mkusanyiko wa nyaraka za aina hiyo. Baadaye shule za serikali na za misheni zikazipa herufi za Kirumi nguvu zote. Hasara ya badiliko hilo haijahesabiwa ipasavyo: mtu aliyekuwa msomi katika kijiji chake alijikuta akiandikwa katika takwimu za watawala kuwa hajui kusoma. Lakini hasara hiyo ilikuwa na mpaka. Miswada iliyokusanywa na J.W.T. Allen katika miaka ya 1960, ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bado inasomwa. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kujifunza hati za Kiarabu kwa miezi michache, kwa kuwa hati hizo hazina mwenyewe. Kanuni zake zimo katika vitabu na katika vichwa vya walimu wa chuoni, na asiyezijua hufundishwa.

Faili la kompyuta lenye umbizo funge halina sifa hiyo. Katika miaka ya 1980 na 1990 ofisi nyingi duniani zilitumia WordStar na WordPerfect, na baadaye Microsoft Word. Kila programu ilipanga maandishi kwa misimbo yake. Aliyenunua programu alinunua pia utegemezi, kwa maana barua zake mwenyewe zilimhitaji mtengenezaji ili zisomeke. Ni haki kueleza kwamba mwezi Februari 2008 kampuni ya Microsoft ilitoa hadharani maelezo ya umbizo lake la zamani la .doc, na kwa sababu hiyo hali ya muhtasari wa yule karani wa kubuni si mbaya kama ingalivyokuwa. Lakini maelezo hayo yalitolewa baada ya zaidi ya miaka kumi ya dunia nzima kuandika kwa umbizo hilo, na yalitolewa kwa hiari ya mwenye mali.

3.0 Usanifishaji wa lugha na usanifishaji wa faili

Mwanaisimu anaposikia neno kiwango hukumbuka mara moja mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa niaba ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Yamesemwa mengi dhidi ya kazi hiyo, na mengi ni ya kweli. Kimvita kilikuwa na fasihi ya kale na iliyotukuka, na wenyewe hawakufurahi kuona kikiwekwa kando. Waafrika hawakuwa na viti katika Kamati hapo mwanzoni. Muhuri wa Kamati uliamua kitabu kipi kiingie shuleni.

Pamoja na hayo yote, tahajia iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa mali ya kila mtu. Mchapishaji wa Nairobi, padri wa Peramiho, mwalimu wa shule ya kijiji na mshairi wa Tanga waliweza kuitumia bila kulipa senti na bila kuogopa kwamba kesho ingebadilishwa kwa siri. Kwa hiyo uwazi wa kiwango una sura mbili: nani ameketi mezani kinapotungwa, na nani anaruhusiwa kukitumia kikishatungwa. Kiswahili sanifu kilishindwa katika sura ya kwanza, kikafaulu katika ya pili. Mizani hiyo hiyo inafaa kupimia viwango vya hati za kompyuta.

Umbizo Huria la Hati, linalojulikana kwa kifupi kama ODF, liliidhinishwa na jumuiya ya viwango ya OASIS mwezi Mei 2005, na mwaka 2006 likawa kiwango cha Shirika la Kimataifa la Viwango kwa namba 26300. Namna lilivyoundwa ni rahisi kueleza. Faili la ODF ni kifurushi kilichobanwa. Ukikifungua unakuta mafaili madogo ndani yake: moja lina maneno ya hati, jingine mitindo ya kuandikia, jingine maelezo ya nani aliandika na lini. Maneno yenyewe yamehifadhiwa kama maandishi ya kawaida yaliyozungukwa na alama za XML. Hata mtu asiye na programu yoyote ya ofisi anaweza kuyafungua kwa kihariri chepesi kabisa, akayasoma kwa macho.

Microsoft nayo ilipeleka umbizo lake jipya, OOXML, ambalo liliidhinishwa na shirika la Ecma mwezi Desemba 2006. Maelezo ya ODF yalikuwa na kurasa zipatazo 700, na ya OOXML zaidi ya 6,000. Miongoni mwa kurasa hizo zilikuwamo kanuni zilizoitaka programu ipange nafasi kama ilivyofanya Word ya mwaka 1995, bila kueleza jinsi Word hiyo ilivyofanya. Mwanasarufi hawezi kusoma kanuni kama hiyo bila kutabasamu. Ni sawa na kitabu cha sarufi kinachomwagiza mwanafunzi aseme kama wazee walivyosema, kisha kisimwonyeshe mzee hata mmoja. Kura ya kwanza ya kimataifa mwezi Septemba 2007 haikutosha, marekebisho mengi yakafanywa, na mwaka 2008 OOXML ikapitishwa kwa namba 29500. Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zilikata rufaa, na rufaa hizo zilikataliwa.

Kinachosikitisha zaidi katika kisa hicho ni umbali wake na wanataaluma wa lugha. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, linajulikana hata kijijini kwa alama yake kwenye nondo na magodoro. Kwamba meza zile zile za viwango huamua pia namna barua ya mtendaji wa kata itakavyohifadhiwa ni jambo ambalo halikuwahi kuwa mada katika semina za Kiswahili.

4.0 Jambo la Dar es Salaam

Si kwamba Waswahili walilala. Katika miaka ya 2003 na 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 na kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uswidi, Sida, waliendesha mradi wa Kilinux. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Mwezi Juni mwaka huo huo Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba itatoa programu zake kwa Kiswahili. Kwa muda mfupi lugha hii ilikuwa ikigombewa na pande mbili, jambo ambalo halijaizoea sana.

Kwa mwanaistilahi kipindi kile kilikuwa neema. Maneno yaliyokuwa yakielea katika makala za kitaaluma yalilazimika kuingia kazini: kompyuta dhidi ya tarakilishi na ngamizi, kipanya dhidi ya puku, folda dhidi ya kabrasha. Neno lililopendeza katika orodha lilionekana refu mno lilipobanwa kwenye kitufe. Kata, nakili na bandika yalifaa mara moja kwa sababu mafundi cherehani na walimu wa shule za msingi walikuwa wakiyatumia kwa maana iliyo karibu.

Mbona basi Jambo haikuenea maofisini kwa kiasi kilichotarajiwa? Jibu lililozoeleka ni kwamba watumishi walikuwa wamekwisha kufundishwa kompyuta kwa Kiingereza, wakaona menyu za Kiswahili kuwa ngeni. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mtu hubadili mazoea yake ofisi inapobadili utaratibu wake. Mwaka 1967 Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, makarani waliozoea barua za Kiingereza nao walilalamika. Walibadilika kwa kuwa agizo lilitolewa na majalada yakaanza kuandikwa kwa Kiswahili. Jambo OpenOffice haikupata mwaka wake wa 1967. Ilitolewa kama zawadi kwa yeyote atakayeipenda, katika mazingira ambayo mashine nyingi zilifika zikiwa na programu nyingine, na barua iliyotumwa kutoka juu ilikuja ikiwa na umbizo la .doc. Aliyeamua umbizo ndiye aliyeamua programu, na aliyeamua programu ndiye aliyeamua lugha ya menyu. Wapenzi wa Kiswahili walianzia mwisho wa mnyororo.

Hata hivyo kazi ile haikufutika, na sababu ya kutofutika kwake ni ya kuzingatiwa. Programu huria ya OpenOffice iligawanyika mwaka 2010, likazaliwa tawi la LibreOffice, ambalo linaendelezwa mpaka leo, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Kikagua tahajia cha Kiswahili kinachotumika humo ni orodha ya maneno iliyohifadhiwa kama maandishi ya kawaida chini ya leseni huria. Kwa hiyo kiliweza kuhama kutoka programu moja hadi nyingine bila mtu kuanza upya. Tafsiri iliyofanywa ndani ya programu funge hudumu kadiri mwenye programu anavyoona inafaa.

5.0 Mbinga na mwambao

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu lugha kubwa yenye wasemaji wengi na serikali inayoitambua. Uzito wa suala unaonekana vizuri zaidi mahali ambapo lugha ni ndogo na nakala za maandishi yake ni chache.

Kutoka mjini Mbinga hadi Mbamba Bay ni mwendo wa kilomita zipatazo 66, kutoka milima ya kahawa hadi ufukweni. Katika eneo hilo na jirani zake wanaisimu wamezipanga Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto kufuatana katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, N11 hadi N14. Kimanda kinasikika upande wa Lituhi na mto Ruhuhu; Kimatengo kiko milimani; Kinyasa chenye ujamaa wa karibu na Kichewa kinavuka ziwa bila kujali mpaka wa 1890. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote ofisini, sokoni na kanisani. Hadi mwaka 2012 eneo lote, milima na mwambao, lilikuwa wilaya moja ya Mbinga. Ndipo ikazaliwa Wilaya ya Nyasa. Kugawa wilaya ni kugawa pia majalada: hati za ardhi, mihtasari, orodha za walipa ushuru. Karatasi hugawanywa kwa mikono. Mafaili hugawanywa vizuri iwapo tu mpokeaji anaweza kuyafungua.

Kimatengo kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Lugha hii ina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na ina toni. Mtafiti wa miaka ya 1990 aliyetaka kuandika irabu ɛ au kipashio ŋ kwa kompyuta hakuwa na njia ya kawaida. Wengi walitumia fonti maalumu za kifonetiki, kama SIL IPA93, ambazo zilifanya ujanja: ɛ ilikaa mahali pa E kubwa, na ŋ mahali pa N kubwa. Kwenye mashine yenye fonti hiyo kurasa zilipendeza. Kwenye mashine isiyokuwa nayo neno liligeuka kuwa mchanganyiko wa herufi kubwa na ndogo usio na maana. Aliyekuwa ameandika msamiati wa maneno elfu kadhaa alikuwa, bila kujua, ameuandika kwa mwandiko unaosomwa na mashine yake na za rafiki zake tu. Mfumo wa Unicode, ulioanza mwaka 1991 na kuenea taratibu, ndio uliozipa herufi hizo namba zake za kudumu. ODF imejengwa juu ya mfumo huo. OOXML pia, na haki ni kusema hivyo. Lakini faili la zamani halijihamishi lenyewe. Lazima awepo mtu anayeijua lugha, anayeikumbuka fonti na aliye na subira.

Si jambo dogo ni maneno gani yanayohifadhiwa kwa njia hiyo. Wamatengo wanafahamika kwa kilimo cha ngoro: mashimo yanayopangwa kwenye miteremko mikali, yakizungukwa na matuta ambayo ndani yake yamefukiwa nyasi, ili maji ya mvua yatulie na udongo usichukuliwe. Kilimo hicho kina umri wa zaidi ya karne moja, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto walikichunguza kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990. Kuzunguka ngoro kuna msamiati mzima. Ntambo ni mteremko wenye mipaka yake ambao jamaa wa ukoo mmoja hulima na kuishi. Sengu ni desturi ya jamaa kula pamoja na kushauriana. Mwenye kutafsiri ntambo kwa shamba amepoteza sheria ya urithi iliyomo ndani ya neno. Mwaka 2006 Nobuko Yoneda, mwanaisimu wa Kijapani, alichapisha msamiati wa Kimatengo, na mwaka 2009 mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukachapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania. Vitabu hivyo viko salama kwa kuwa ni vitabu. Nyuma ya kila kitabu cha namna hiyo huwa kuna madaftari, kanda na mafaili yasiyochapishwa, yaliyo mengi kuliko kitabu chenyewe.

Halafu kuna maandishi ya kila siku, ambayo wanaisimu huyadharau mpaka yanapotoweka. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huandika taarifa ya mwaka. Kijiji cha ufukweni huandika muhtasari wa mkutano kuhusu uvuvi wa usipa. Lugha ya taarifa hizo ni Kiswahili, lakini ni Kiswahili chenye ngoro, usipa na ntambo ndani yake, yaani Kiswahili kinavyoandikwa kusini mwa Tanzania na watu walio kazini. Kikagua tahajia kisichoyajua maneno hayo huyapigia mstari mwekundu, na karani mwenye haraka huyaondoa. Katika programu huria orodha ya maneno ya nyongeza ni faili la maandishi linaloweza kunakiliwa na kupelekwa ofisi ya pili na ya tatu. Wilaya mbili zinaweza kuwa na orodha yao.

Kazi ya kopasi nayo inategemea hayo. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili la mwaka 2016 lina maneno yapatayo milioni 25, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya magazeti na vitabu. Kiswahili cha halmashauri hakina nafasi ya maana katika kopasi ya aina hiyo, kwa kuwa mara nyingi hati za umma hupatikana kama picha za karatasi zilizopitishwa kwenye mashine ya kunakili. Picha ya barua inasomwa na mtu. Kompyuta haioni humo neno hata moja. Ofisi huchapa hati kwa kompyuta, huitoa kwenye karatasi ili itiwe saini na muhuri, kisha huirudisha kwenye kompyuta kama picha. Njiani humo lugha yote imemwagika.

6.0 Uamuzi ulio mbele ya serikali

Hofu inayosikika kila suala hili linapotajwa ni ya gharama: kwamba serikali itaambiwa itupe programu ilizozinunua na kuwafundisha upya maelfu ya watumishi. Hofu hiyo inachanganya mambo mawili. Kuchagua umbizo si kuchagua programu. Tangu mwaka 2009 Microsoft Office yenyewe inaweza kufungua na kuhifadhi hati za ODF. Ofisi inaweza kuendelea na programu yake ya jana na bado ikaagizwa kwamba nakala ya kuhifadhiwa iwe katika umbizo huria.

Serikali nyingine zimelifanya hilo kwa njia mbalimbali, na si zote zilizofika mwisho wa safari. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliamua kutumia ODF mwaka 2005, na mwaka 2007 likaruhusu OOXML pia, baada ya mabishano makali. Afrika Kusini iliiingiza ODF katika mwongozo wake wa mifumo ya serikali mwaka 2007. Mwezi Julai 2014 Uingereza ilitenganisha jambo kwa busara: hati za kushirikiana kuhariri ziwe ODF, na hati za kusomwa tu ziwe HTML au PDF/A. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kwamba linahamia LibreOffice kabisa. Kati ya mifano hiyo, wa Uingereza ndio unaofaa kuigwa kwanza, kwa sababu unauliza hati inafanya kazi gani kabla ya kuuliza imetengenezwa na nani.

Tanzania ina vyombo vya kutosha. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango vya TEHAMA katika taasisi za umma, na mfumo wa e-Ofisi unaoendesha majalada kwa kompyuta umetengenezwa nchini. Hifadhi ya taifa ipo na sheria yake. TBS ipo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa hiyo hati za Kiswahili zenye nguvu ya kisheria zinaongezeka kila mwezi. Wasiokuwapo mezani ni watu wa lugha. Wangelikuwapo wangeliuliza maswali ambayo fundi hana sababu ya kuyauliza: je, hati inataja imeandikwa kwa lugha gani? Je, jina la kijiji lenye ng' litabaki vile vile likihamishwa? Je, maneno ya hati yanaweza kutafutwa, au ni picha?

Swali la kwanza kati ya hayo lina jibu ambalo wengi hawalijui. Ndani ya kila hati ya ODF kuna mahali pa kutaja lugha ya maandishi, hata ya aya moja au neno moja. Kiswahili cha Tanzania huandikwa sw na TZ. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha Kimatengo ni mgv, Kimanda ni mgs, na Kimpoto ni mpa, na kiwango kinaruhusu misimbo hiyo kuandikwa hapo. Programu nyingi hazizionyeshi lugha hizo kwenye menyu zake, lakini nafasi imo, na haihitaji idhini ya kampuni yoyote. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya vitenzi vya Kimatengo anaweza kuitumia leo. Mifano yake yote ikiwa na lebo hiyo, mtu mwingine ataweza kuichambua kutoka katika tasnifu, akaikusanya pamoja na mifano ya tasnifu nyingine kumi.

Idara za Kiswahili zina uwezo wa kuanza bila kusubiri waraka kutoka Dodoma. Tasnifu zipokelewe katika ODF pamoja na nakala ya PDF/A. Mafaili ya zamani ya utafiti yahamishwe kwenye Unicode wakati walioyaandika bado wapo na bado wanakumbuka ni fonti gani waliitumia. Na halmashauri mbili, ya Mbinga na ya Nyasa, ziombwe zishirikiane na chuo katika jaribio la mwaka mmoja: mihtasari ya vijiji vichache, vya milimani na vya ufukweni, ihifadhiwe kama maandishi katika umbizo huria kabla ya kutolewa kwenye karatasi na kupigwa muhuri, pamoja na orodha ya maneno ya mahali hapo yasiyomo katika kamusi. Hadi mwaka 2035 itakuwapo angalau rafu moja ambayo mtafiti anaweza kuifungua.